Giaboksi Juu ya Kitambaa Cheupe

Nyumba yao ilikuwa na milango miwili iliyotazama barabara. Mlango wa kushoto ulikuwa wa Mama Sare, aliyeitwa hivyo kwa kuwa nusu ya watoto wa shule wa mtaa ule walivaa sketi na kaptura zilizopita chini ya sindano yake. Mlango wa kulia, ule mpana wa mabati, ulikuwa wa mumewe, na yeye watu walimwita Fundi Kitambaa. Mgeni akiyasikia majina hayo mawili, alidhani fundi nguo ni huyo wa kulia. Sivyo. Fundi Kitambaa alikuwa fundi wa giaboksi, tena si za kila gari, bali za magari madogo yanayovutwa na magurudumu ya mbele, yale ya gia za mkono. Jina alilipata kwa sababu hakufungua giaboksi hata moja kabla ya kutandika kitambaa cheupe mezani, kama mtu anayengoja wageni wa heshima.

"Uchafu ukianguka kwenye cheupe nitauona mimi," alikuwa akisema. "Ukianguka kwenye cheusi, atauona mwenye gari akiwa safarini."

Vitambaa hivyo alishonewa na mkewe kwa mashuka yaliyochakaa, naye mke akavipinda pindo pande zote nne ili nyuzi zisichomoke zikaingia kwenye gia. Huo ndio uliokuwa mchango wote wa Mama Sare katika kazi ya mumewe. Watoto wao walikuwa wamekwisha kukua na kuhama. Kati ya vyumba vyao palikuwa na ukuta mwembamba, wakawa wanasikiana mchana kutwa, cherehani upande huu, nyundo ya mpira upande ule, na mara mojamoja mmoja akimwuliza mwenzake kwa sauti kama chai ipo. Mama Sare hakuuliza ndani ya yale makopo ya alumini ya giaboksi mna nini, na mumewe hakuuliza mkono wa shati unaungwaje begani. Kila ndege huruka kwa ubawa wake.

Asubuhi moja Mama Sare alisikia chuma kikianguka upande wa pili. Jambo la kawaida. Lakini Fundi Kitambaa alikuwa mtu wa kukigombeza chuma kila kikimponyoka, akikiita majina kama anayemkaripia mbuzi mkaidi, na safari hii hakusema kitu. Kimya hicho ndicho kilichomfanya mkewe aache shati la watu chini ya sindano na kukimbia. Alimkuta ameketi sakafuni, mgongo ukiegemea mguu wa meza, mdomo umeshuka upande mmoja, akimtazama kama mtu anayetaka kueleza kwamba kosa si lake.

Kilikuwa kiharusi. Hospitali walimpokea, wakamtibu, na baada ya majuma kadhaa wakamrudisha nyumbani akitembea kwa fimbo, mkono wa kulia ukining'inia, mguu wa kulia ukiburuta. Na maneno yalikuwa yamekwenda. Akili ilikuwepo, macho yaliijua kila sura, alielewa kila alichoambiwa, ila ulimi ulipotafuta neno ulikuta ghala tupu. Lilikuwa limebaki neno moja tu, na neno lenyewe lilikuwa "kesho."

Akitaka maji, alisema kesho. Akiulizwa kama amelala vizuri, kesho. Daktari alieleza kwamba hutokea hivyo: mgonjwa hubaki ameshikilia neno moja, kama mtu aliyetoka kwenye moto na kiatu kimoja mkononi, wala hajui kwa nini kiatu na kwa nini hicho. Majirani walikuja kumpa pole, na baadhi yao hawakuweza kujizuia.

"Fundi ni fundi tu," alisema muuza mkaa wa mtaani, akifuta machozi ya kicheko. "Hata akiugua, ahadi ni ileile."

Fundi Kitambaa mwenyewe alicheka kwa upande mmoja wa mdomo. Mama Sare naye alicheka, akawaaga wageni, akaingia jikoni, na huko akalia mpaka maji ya chai yakakaukia sufuriani.

Chumba cha pili kilibaki kama kilivyoachwa. Mezani, juu ya kitambaa cheupe, giaboksi moja ilikuwa imelala wazi, vipande vyake vimepangwa kwa safu. Nje ukutani gari dogo ilimotolewa lilisimama juu ya mawe, pua tupu. Lilikuwa gari la mkunga wa zahanati, mwanamke mwembamba asiyekaa kitako, aliyezunguka na gari hilo kwenye nyumba za wazazi waliojifungua. Gia namba mbili ilikuwa inakwaruza kila ikiingia, ndiyo sababu akaliacha pale. Sasa alikuwa anazunguka kwa miguu.

Mkunga alikuja kumwona mgonjwa. Alimpima shinikizo la damu, akamnyoosha vidole vya mkono uliolala kimoja kimoja, akamwonyesha Mama Sare namna ya kuvikanda.

"Sikuja kwa ajili ya gari," alisema alipokuwa akivaa viatu.

"Najua, dada yangu," akajibu Mama Sare. "Lakini gari nalo lipo."

Mwingine aliyekuja alikuwa shemeji yake, kaka mkubwa wa Fundi Kitambaa, dereva mstaafu wa malori makubwa ya mizigo. Alikuwa mtu mzito, mpole, aliyependa mambo yaishe. Alisimama mlangoni mwa karakana, mikono nyuma, akatazama meza.

"Shemeji, tusidanganyane," alisema. "Ndugu yangu hatashika spana tena. Tutafute fundi mwingine amalizie hili, hivyo vyuma vingine wenyewe waje wavichukue, na chumba kipangishwe. Mnahitaji kula."

Hakukuwa na ubaya katika maneno yake, na Mama Sare alilijua hilo. Fundi mwingine aliletwa kweli. Akatazama vipande mezani, akazunguka meza, akakuna kidevu.

"Mama, giaboksi iliyofunguliwa na mwingine ni kama ugomvi wa mke na mume," alisema. "Ukiingia katikati, hujui ulianzia wapi. Mimi hili silishiki."

Akaenda zake. Shemeji akashusha pumzi. Hapo ndipo waliposikia fimbo ikigonga sakafu. Fundi Kitambaa alikuwa ametoka kitandani mwenyewe. Alipita katikati yao bila kumtazama mtu, akavuta kigoda chake kwa mguu mzima, akaketi mezani, akanyoosha mkono wa kushoto. Aliokota gia moja, akajaribu kuivalisha kwenye shafti iliyolala pembeni. Shafti ikabingirika, maana hakukuwa na mkono wa pili wa kuishika. Akajaribu tena. Gia ikamponyoka, ikaanguka, ikabiringika mpaka miguuni kwa mkewe. Fundi Kitambaa akainamisha kichwa.

Mama Sare aliinama, akaiokota gia, akaifuta vumbi kwa upindo wa khanga yake. Akaja upande wa pili wa meza, akaishika ile shafti wima.

"Hii inakaa wapi?" akauliza.

Mumewe aliinua macho. Kisha akanyoosha kidole.

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Asubuhi alishona, kwa kuwa sare hazingoji. Alasiri alifunga mlango wa kushoto, akafungua wa kulia. Lugha yao ilikuwa vidole na lile neno moja, nalo halikuchukua muda kugeuka maneno matatu. "Kesho" iliyopanda mwishoni ilikuwa hapana. "Kesho" ya chini, ndefu, ilikuwa ndiyo. Na "kesho" fupi, ya haraka, ilikuwa na maana ya kwamba acha hapohapo, unataka kuvunja kitu.

Jambo la kwanza alilotaka kulielewa ni kwa nini kila kitu kimebanwa hivyo. Hilo, ajabu, alielezwa na shemeji, ambaye alikuja kuwazuia akajikuta ameketi juu ya tairi kuukuu anafundisha.

"Lori langu lilikuwa kama nyumba ya tajiri," alisema. "Injini mbele, imelala kufuata urefu wa gari. Nyuma yake giaboksi. Kutoka hapo shafti ndefu inapita chini ya tumbo la gari mpaka difu, mgawaji wa nguvu, huko kwenye magurudumu ya nyuma. Kila mmoja na chumba chake. Sasa hivi vigari vya mbele, injini imegeuzwa, imelala kwa kukingama, toka gurudumu hili hadi lile. Shafti ndefu hakuna. Giaboksi na difu wanalala kitanda kimoja, ndani ya kopo moja, wanakunywa mafuta yaleyale."

"Chumba kimoja cha kupanga," alisema Mama Sare.

"Chumba kimoja, pazia katikati. Wala pazia hakuna."

Fundi Kitambaa alitoa "kesho" ya chini, ndefu, na kumpiga kaka yake begani kwa fimbo, kwa mapenzi.

Mama Sare alianza kuliona. Kulikuwa na shafti mbili zilizolala sambamba, kama wanandoa. Ya kwanza ilipokea nguvu kutoka kwenye injini kupitia klachi. Ya pili iliichukua nguvu hiyo na kuitoa. Kila moja ilibeba gia zake, ndogo kwa kubwa, kubwa kwa ndogo, na kila gia ya huku ilikuwa na mwenzake wa kule. Mwishoni mwa shafti ya pili palikuwa na gia ndogo isiyobadilika, iliyong'ata gurudumu kubwa la meno kuliko yote mle ndani. Hilo lilikuwa la difu. Katika difu ndimo zilimotokea ekseli mbili, moja kwenda gurudumu la kushoto, moja la kulia. Aliishika difu mkononi, akaingiza vidole viwili kwenye matundu yake, akazungusha upande mmoja, na upande wa pili ukazunguka kinyume. Akajaribu tena. Mumewe akachora kona hewani kwa kidole, akaonyesha kwamba gurudumu la nje lina safari ndefu kuliko la ndani, na kwamba lazima mmoja aruhusiwe kutangulia.

Kilichomsumbua kilikuwa gia zenyewe. Maisha yake yote alikuwa amedhani kwamba dereva akisukuma ile fimbo, gia moja inaondoka na nyingine inakuja. Lakini hapa mezani, alipozilaza shafti pamoja, aliona meno yote yamekwisha kushikana, kutoka ya kwanza mpaka ya mwisho. Ikiwa zote zimeshikana, gari linajuaje liende na ipi?

Aliuliza swali hilo kwa namna nyingi, na kila mara alijibiwa kwa kidole kilichoelekea kwenye pete moja nene yenye meno kwa ndani, iliyokaa katikati ya gia mbili. Siku ya tatu akaishika, akaisukuma. Pete ikateleza, ikafunika meno madogo yaliyokuwa ubavuni mwa gia, na mara gia ile, iliyokuwa ikizunguka bure juu ya shafti kama bangili mkononi, ikakamatwa. Akaizungusha. Shafti nzima ikaenda nayo. Akairudisha pete katikati. Gia ikawa bangili tena.

"Kumbe gia haziendi popote," alisema taratibu. "Zimekaa kwao. Kinachotembea ni hii kola."

Aliiita kola, na kola ikabaki jina lake katika karakana ile. Mumewe aliinamisha kichwa, akafumba macho, kama mtu aliyesikia jibu la sala.

Kutoka hapo mambo yalifunguka. Aliona kwa nini gari la mkunga lilikwaruza. Kati ya kola na gia palikuwa na pete nyingine ya shaba, nyembamba, iliyokaa juu ya shingo ya gia kama kofia. Kazi yake ni upatanisho. Gia inazunguka kwa kasi yake, shafti kwa kasi yake, na ukiyakutanisha meno hivyohivyo yatapigana. Basi pete ya shaba inatangulia, inajisugua kwenye shingo ya gia, inaishika mpaka kasi zilingane, ndipo kola inapita kwa amani. Mama Sare alipapasa ndani ya pete mpya iliyonunuliwa kuibadili kwa ncha ya kidole, akahisi mifereji midogomidogo iliyochongwa humo, myembamba kama mshono wa hariri. Mumewe akamwekea ile ya zamani kiganjani. Ilikuwa laini kabisa. Mifereji iliyotakiwa kuyakata mafuta ili shaba ishike chuma ilikuwa imelika, na pete ikawa inateleza tu.

Vidole vyake vilimfaa. Mtu aliyeshona miaka mingi hujua kwa kugusa kitambaa kimevutwa kupita kiasi au kimelegea, na ujuzi huo ulimsaidia alipofika kwenye beringi. Shafti ikilegea kidogo kwenye beringi zake, gia zinalia. Ikibanwa mno, zinaungua. Kati ya mambo hayo mawili kuna tofauti ya kibati chembamba kuliko karatasi, kinachowekwa nyuma ya beringi. Mumewe alimwekea hiki, akakitoa, akaweka kile, naye Mama Sare akizungusha shafti kwa vidole viwili, mpaka akafikia mahali ambapo alisema, "Hapa," sekunde hiyohiyo mumewe aliposema, "Kesho." Wakatazamana.

Ili asisahau vipande vimetazama wapi, alivifungia uzi: wa buluu upande wa injini, mwekundu upande wa pili. Alizikata nyuzi zote kabla ya kufunga, akazihesabu mara mbili. Akafunga kopo. Shemeji, ambaye sasa alikuwa anakuja kila siku na kusema amepita tu, alisaidia kuinyanyua giaboksi kwa jeki, kuiunganisha na injini, kuchomeka ekseli. Mkunga akaitwa.

Shemeji ndiye aliyeketi kwenye usukani, kwa kuwa yeye ndiye dereva. Gari liliwaka. Akaingiza gia ya kwanza, gari likatoka uani taratibu kama bibi harusi. Mama Sare alikuwa amebana mikono kifuani. Barabarani shemeji akaweka ya pili, bila mkwaruzo wowote. Akaenda ya tatu. Gari likashtuka, matairi ya mbele yakalia juu ya lami, injini ikazima. Likasimama katikati ya barabara, halisogei mbele wala nyuma. Walisukuma watu wanne. Ni kama wanasukuma ukuta.

Shemeji aliteremka. Akawapungia wenye magari mengine wapite kando. Mkunga alitazama saa, akasema kwa upole kwamba angetangulia, akina mama wanamngoja. Walioshuhudia walikuwa wengi, na mmoja akasema kwa sauti ya kutosha kwamba cherehani ni cherehani na gari ni gari.

Mama Sare aliketi kwenye ukingo wa barabara. Alikuwa amechoka kwa uchovu wa majuma yote yale, wa kumwogesha mtu mzima, wa kushona sare asubuhi na kunuka mafuta ya taa jioni. Aliwaza kwamba shemeji alikuwa sahihi. Chumba kipangishwe.

Akasikia kicheko. Fundi Kitambaa alikuwa amesimama kando ya gari, ameegemea fimbo, anacheka kwa mwili wake wote uliokuwa hai. Mkewe alimtazama kwa hasira ya kweli.

"Unacheka nini?"

Alimwita kwa kichwa. Akamwashiria kaka yake aingie garini, akanyage klachi mpaka chini. Kisha akamwonyesha mkewe asukume. Akasukuma. Gari halikusogea. Fundi Kitambaa akainua kidole kimoja, cha kuuliza.

Mama Sare alisimama pale mikono juu ya boneti, akafikiri. Klachi ikikanyagwa, injini imetengana na giaboksi. Basi anayeshika magurudumu si injini. Ni kitu kilichomo ndani ya kopo. Na kitu gani ndani ya kopo kinaweza kuzishika shafti zisizunguke kabisa? Gia ya pili inataka shafti iende kwa mwendo wake. Ya tatu inataka mwendo mwingine.

"Zimeingia mbili," alisema. "Kola mbili zimeingia kwa pamoja."

Mumewe akakunja kidole cha shahada na cha kati, akavifungamanisha mbele ya uso wake, akasema ile "kesho" ya chini, ndefu kuliko zote alizowahi kusema.

Waliikokota giaboksi mpaka mezani siku ileile, lakini kabla ya kuifungua Mama Sare alikuwa amekwisha kujua la kutafuta. Kola zinasukumwa na uma za chuma, na kila uma umekaa kwenye fimbo yake. Kati ya fimbo na fimbo kuna kipini kifupi, kinachoweza kumezwa na mtoto. Fimbo moja ikisogea, inakisukuma kipini kikazizuie nyingine, kama bawabu asemaye mmoja mmoja. Aliliona tundu lake, tupu. Akachukua beseni la mafuta ya taa walimooshea vipande, akaingiza mkono, akapapasa tope la chini. Kilikuwepo. Alikishika kati ya vidole viwili, chuma kidogo kuliko pini ya kubania nguo, kilichosimamisha gari zima barabarani mbele za watu.

"Wewe," alikiambia, na akakigombeza kwa maneno yote aliyokuwa akiyasikia kupitia ukutani miaka ile.

Safari ya pili Mama Sare hakutaka kuangalia. Alibaki ndani, akisikiliza. Alisikia gari likitoka, likipanda mlima, sauti ikishuka ngazi moja kila gia ilipobadilishwa, likapotea mbali, likarudi. Mkunga mwenyewe ndiye aliyekuwa ameliendesha. Aliingia, akamkumbatia fundi nguo aliyejaa mafuta mpaka viwikoni, hata koti jeupe likachafuka, wala hakujali.

Habari hazina mguu lakini hutembea. Kwanza walikuja waliotaka kuona kioja. Kisha wakaja wenye magari. Mgeni alipouliza fundi yuko wapi na kuonyeshwa mwanamke mwenye futi ya kupimia nguo shingoni, wengine waligeuka, na Mama Sare hakuwafuata. Waliobaki walistahimili kumwona akifanya kazi polepole, mumewe pembeni kwenye kigoda, wakibishana kwa neno moja. Alijifunza kwa nini gia ya kurudi nyuma inapiga mluzi: meno yake yamekatwa wima, ilhali ya zile za mbele yamelazwa yaingiane polepole. Alijifunza kwamba ndani ya kopo hakuna pampu ya mafuta, ni lile gurudumu kubwa la difu linalochovya chini na kuwarushia wenzake wa juu. Ndiyo maana neno la kwanza lililomrudia Fundi Kitambaa, karibu mwaka mzima baada ya kuugua, lilikuwa "mafuta." Mkewe alikuwa amefunga giaboksi ya watu na kusahau kuijaza. Gari lilikuwa linataka kuwashwa. Neno lilimtoka kama chafya.

"Mafuta!"

Watu wote wakageuka. Hata yeye mwenyewe aligeuka, kutazama ni nani aliyesema.

Mengine yalifuata, si yote, na si kwa mpangilio. Majina ya watu yalichelewa, majina ya vyuma yakatangulia. Kwa muda mrefu aliweza kusema "beringi ya nyuma" lakini hakuweza kumwita kaka yake. Mkono wa kulia haukurudi. Mama Sare aliukanda kila asubuhi kabla ya kufungua mlango wowote.

Baadaye shemeji naye alinunua kigari cha aina ileile aliyoidharau, kwa kuwa mstaafu haendi sokoni na lori. Siku moja alikileta, akasimama palepale mlangoni, mikono nyuma.

"Shemeji, kinakwaruza."

"Kwenye gia zote?"

"Ya tano tu."

"Basi giaboksi hatuishushi," alisema Mama Sare. Alikiinua kwa jeki, akaondoa gurudumu, akafungua kifuniko kidogo kilicho mwishoni kabisa mwa kopo, na gia ya tano ikawa hiyo hapo, peke yake nje ya ukuta, inafikika kwa mkono. Shemeji alichungulia, akashangaa imewekwaje nje wakati wenzake wote wako ndani.

Fundi Kitambaa alijibu kutoka kigodani, akitafuta kila neno na kulipata. "Zamani... zilikuwa nne. Ya tano... ikaja baadaye. Nyumba imeshajengwa. Wakaongeza... kibanda."

"Kama sisi," alisema mkewe, kichwa kikiwa chini ya gari. "Watoto walipozaliwa uliongeza nini? Si lile jiko la mabati linalovuja mpaka leo?"

"Halivuji."

"Linavuja. Nipe pete mpya ya shaba, iko mkono wako wa kushoto. Na wewe shemeji usisimame kwenye mwanga wangu."

Shemeji akasogea. Fundi Kitambaa akaipapasa ile pete kwanza kwa kidole gumba, kwa ndani, mzunguko mzima, akaridhika nayo, kisha akainama kadiri mwili ulivyomruhusu na kuiweka kwenye kiganja kilichokuwa kimetokeza chini ya gari kinangoja.